Fikirte na Kijitabu cha Kikaango

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, ilikuwa lazima dada yangu Fikirte asome kitu. Si gazeti wala kitabu cha sala. Alisoma boksi la kiberiti, karatasi ya sabuni, chupa ya dawa ya kikohozi. Alisoma kwa sauti, uso kaukunja kama mtu anayeonja mboga iliyozidi chumvi.

"Tikisa kabla ya kutumia. Haya, nitikise mara ngapi?"

Kisha anachomoa penseli nyuma ya sikio na kuandika pembeni: mara tano.

Ndiyo maana alipopata kazi ile sikushangaa. Kulikuwa na karakana kule Kechene, Addis Ababa upande wa juu, inayotengeneza vikaango vya udongo vinavyotumia umeme, vya kupikia injera, ile mikate yetu mipana, laini. Bwana Wubshet, mwenye karakana, alichoka kupigiwa simu na vijana waliopanga vyumba mbali na mama zao, kila mmoja akiuliza hiki na kile. Akataka mtu wa kuandika kijitabu cha maelekezo, kiwekwe ndani ya kila boksi. Alimpa Fikirte miezi mitatu ya majaribio. Kijitabu kikifaa, anaajiriwa. Kisipofaa, basi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo.

Shida ilikuwa moja. Fikirte alikuwa hajawahi kupika injera hata moja maishani mwake.

Mama alipoharibika macho kwa moshi, mmoja wetu ilibidi ashike jiko. Yeye alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa darasa la nne na hata jina langu nilikuwa naliandika polepole. Nikatoka shule mimi. Sikulalamika, na leo silalamiki. Ila kwetu binti wa miaka ishirini na tatu asiyejua kupika injera, hilo ni jambo la kuficha, na tulilificha.

Basi jioni akawa anasimama nyuma yangu jikoni, saa ya kuazima mkononi.

"Abebu, kikaango kinapata moto baada ya dakika ngapi?"

"Kikipata unajua."

"Unajuaje?"

"Mkono unakwambia."

"Siwezi kuandika mkono unakwambia! Mtu kanunua yuko Dire Dawa huko, mkono wake haujawahi kusema kitu!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku hizo alikuwa anakula kucha kuliko chakula.

"Haya, ukishamimina?"

"Unaanzia ukingoni, unazunguka unakuja katikati. Macho yakifumbuka unafunika kawa."

"Macho mangapi?"

"We dada! Nani anahesabu?"

Alihesabu yeye, kitundu kwa kitundu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

Mwezi wa tatu wa majaribio Bwana Wubshet akamwita. Pale karakana wana desturi yao: kila mtu huijaribu kazi yake mwenyewe kwanza, mbele ya wenzake. Fundi wa nyaya ndiye wa kwanza kugusa kikaango alichokifunga. "Na wewe utapika kwa kijitabu chako," Bwana Wubshet alimwambia, "neno kwa neno. Ijumaa, saa nne."

Ijumaa hiyo nilimbebea ndoo ya rojo ya unga wa tefu niliyoichachusha mwenyewe. Njiani aliniambia, "Tukifika, funga mdomo. Ukisema neno moja tu, watajua kichwa cha kijitabu ni wewe."

"Sawa."

"Niapie."

"Kwa Mariamu, sisemi."

Wanawake watatu wanaofinyanga udongo walikuwa wamekaa juu ya maboksi. Mkubwa wao, Mama Tiringo, alikuwa bado na udongo kwenye viwiko.

"Karibu, mwalimu wetu!" alisema. "Tufundishe. Mimi miaka hamsini napika kwa kubahatisha."

"Leo tunakula injera ya karatasi," mwingine akadakia. Wakacheka.

Fundi akatoa kikaango kipya kwenye boksi. Nilipokiona tu, nikajua kuna hatua tuliyoisahau. Udongo ulikuwa mkavu, hauna weusi. Kikaango kipya hupakwa haradali iliyosagwa, kikasuguliwa kikiwa cha moto mpaka kinywe mafuta, la sivyo kinaing'ang'ania injera kama ngozi yake. Cha kwetu alikipaka bibi zamani za kuni, kabla mimi sijazaliwa; nyaya kilifungiwa baadaye. Kwa hiyo sikumwambia Fikirte. Hakuniuliza, na mimi hilo halikunijia akilini.

Nilimtazama. Akanikazia macho: umeapa.

Akaanza. "Hatua ya kwanza. Weka kikaango mahali tambarare." Alisubiri dakika zake, akamimina kuanzia ukingoni, akazungusha vizuri kabisa. Macho yakafumbuka.

"Eh! Macho hayo!" Mama Tiringo akasema, na hakuwa anatania.

Dada akafunika kawa. Akatazama saa. Akafunua, akasukuma ungo wa majani chini ya injera.

Haikusogea. Akasukuma tena, ikachanika. Akajaribu kwa kisu, ikatoka vipandevipande.

"Mwanangu," Mama Tiringo akauliza, "ulikipaka haradali?"

"Haijaandikwa," dada alisema.

Wakaangua kicheko, hata fundi. "Nani anaandika hilo? Hilo hata kuku wangu anajua!" mmoja wao akasema.

Bwana Wubshet hakucheka. "Binti, niambie kweli. Umewahi kupika injera?"

Dada alinitazama. Nikafungua mdomo. Akatikisa kichwa kidogo sana, nikaufunga.

Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akafunua ukurasa wa kwanza, akamgeukia Mama Tiringo. "Hupakwa mara ngapi?"

Kicheko kikakatika. "Mara tatu, mwanangu. Mpaka kiache kutoa moshi."

Akaandika hivyo hivyo, juu ya hatua ya kwanza. Kisha akamjibu Bwana Wubshet, "Sijawahi."

Akaweka kijitabu juu ya boksi, akajifunga shela yake nyeupe, akatoka.

Bwana Wubshet alikiokota, akasoma ule mstari, akasoma na hatua zilizofuata, akitikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akakimbilia mlangoni. "Binti! Hebu rudi hapa! Fikirte!"

Nilisimama na ndoo yangu nikaiona ile shela ikipita nyuma ya uzio, ikateremka na barabara. Haikugeuka. Na pale karakana hakurudi tena.