Mtihani Uliofanyika Kwenye Benchi

Juzi nilikuwa nimekaa katika duka la fotokopi pale Bwera, pembeni ya vijana wawili waliopakata bahasha za vyeti. Wote walikuwa wametoka kufanya mitihani ya kazi za serikali.

"Ile ya Kampala ndiyo ngumu," alisema kijana mwenye tai. "Hesabu mingi, na saa inakimbia."

"Ya wilaya hapa Kasese ni mbaya zaidi," akajibu msichana. "Swali moja tu ilinimaliza: mzee akiingia ofisini kwako, utafanya nini kwanza?"

"Ukaandika nini?"

"Nitamuomba kitambulisho."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mbele yetu alikuwa amesimama mama mwenye mvi, mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, furushi la vitenge kichwani, akingoja fotokopi kama sisi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Batoto yangu," akasema, "ile ya wilaya iko nguvu kweli. Muko munaifanya sasa hivi, na munaanguka."

Vijana waliruka kumpisha akae, vyeti vikatapakaa sakafuni. Mimi, ambaye kila wiki katika safu hii nawasahihisha wengine, nilinyanyuka wa mwisho.