Mlango wa Alhamisi

Kozi ile ya misuli ya nyonga, inayozuia mkojo, ilinilia magunia manne ya korosho za shamba letu la Chiwata, pamoja na likizo yangu yote. Nimepiga hesabu mara mbili, haipungui.

Wenzangu wa chumba cha mazoezi ya viungo, hospitalini hapa Masasi, walinicheka. Kaka mmoja, bingwa wa magoti, aliniuliza, "Dada, watu wanavunjika na bodaboda kila siku, wewe unakwenda kusomea mkojo?"

"Kwani wewe ulizaliwa gotini?"

Dada mwenzetu naye alinionya kwamba mambo ya huko chini ni ya unyagoni, ukiyafanya kazi watu watasema umevua aibu. Nikaenda hivyohivyo.

Niliporudi, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama kutoka Newala, aliyejifungua miezi michache nyuma. Huku kwetu mwanamke anayevuja mkojo hasemi mkojo, anasema kiuno. Ndiyo maana tumekanda viuno miaka yote, na mkojo ukaendelea kuvuja. Nikamuuliza, "Mama, ukikohoa inakuwaje?" Akatazama pazia. Upande wa pili, mzee mwenye mguu wa plasta alikuwa ametulia tuli, asipitwe na neno.

"Shikamoo, babu. Kitanda chako leo kinahamia barazani."

"Marahaba. Na jua hili?"

"Jua la bure hilo, babu, ota."

Tukamsukuma nje, nikafunga mlango. Mama yule akasema yote, mpaka la mume aliyehamia chumba kingine kwa sababu ya harufu. Nikamfundisha kubana na kuachia misuli ile bila kuzuia pumzi. Baada ya wiki kadhaa alikuja, akasimama mbele yangu, akakohoa kwa makusudi. Kisha akacheka.

Tangu hapo, Alhamisi mchana mlango unafungwa na wanaume wanakaa barazani. Juzi mkuu wa kitengo akaniita.

"Chumba ni cha wote. Rudisha pazia, au nikuhamishie wodini."

"Pazia tumelijaribu, mkuu. Linatuletea viuno tu."

Niliomba muda wa saa tatu za mlango kufungwa kila Alhamisi, akanipa nusu saa. Nikashuka mpaka mbili, yeye hakupanda hata dakika. Nusu saa nimeikataa, na Alhamisi hii nitafunga mlango kama kawaida.

Sasa ninyi wenzangu wa fani hii mliowahi kupata chumba chenye mlango, nishaurini: mlimwambia nini mkuu wenu hadi akakubali? Ila ushauri wa kuvumilia msijisumbue kunipa, ninao wa kutosha.