Nilipoitwa Ipililo

Niliondoka Ipililo kwa sababu moja. Pamba ya kijiji chetu cha ujamaa ilikuwa imerundikwa nje, mawingu yameanza kukusanyika, na ofisi ya usafirishaji Bariadi ilikuwa na lori moja tu la kugawa. Mkutano ukanituma mimi, mwalimu mstaafu, nikaliombe.

Saa nne asubuhi nilipanda basi Maswa. Mkulima aliyeketi kando yangu aliijua ofisi ile. "Mwalimu," akaniasa, "pale ukiitwa itika tu. Usiulize umeitwa nani." Nilimjibu kwamba siendeshwi na maneno ya njiani.

Saa nane nilikuwa Bariadi, benchini pamoja na wajumbe wa vijiji vingine. Karani, kijana mwenye kalamu sikioni, hakutusalimu wala hakutuuliza majina. Alitazama karatasi, akapaza sauti: "Ipililo!"

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikumwita mtoto hata mmoja kwa jina la kwao, kama ng'ombe atambuliwaye kwa chapa ya zizi.

"Ipililo! Ipililo hayupo?"

"Ipililo iko mbali na hapa," nilisema.

Benchi zima likacheka. "Basi ibaki hukohuko," alijibu karani, akaita kijiji kilichofuata.

Nilisimama kwa hasira. "Mimi ni Ndugu Masunga, mjumbe wa Ipililo. Nawe, mwenzangu, unaitwa nani?"

"Shikamoo, Mzee. Lori limekwisha kupangwa. Njoo wiki ijayo."

Kesho yake mchana nilifika nyumbani. Mama Kabula, mkulima mwenzetu, alikuwa akiifunika pamba kwa nyasi.

"Mwalimu, lori liko nyuma yako?"

Nikamweleza yote.

"Walikuitaje hasa?"

"Ipililo."

Akaweka chini tita lake la nyasi. "Na sisi, baba, tulikutuma ukawe nani?"

Mvua ilinyesha siku ya tatu, na pamba ya chini ikalowa.

Wiki iliyofuata nilirudi Bariadi. Kabla karani hajashika karatasi yake nilimsalimu, nikamtajia jina langu, nikamuuliza lake. Alishtuka, kisha akalitaja kwa sauti ndogo. Hata leo nashikilia kwamba ofisi isiyomuuliza mgeni jina lake haina adabu, na nilimwambia hivyo usoni. Lakini zamu yetu ilipofika akaita, "Ipi—", nami nilikuwa nimekwisha kusimama.