Kopo Letu la Karanga

Leo nimepimishwa udongo wa kwangu mwenyewe!

Askari aliingia maabarani kwetu kazini na kopo la udongo. "Pima. Kuna mtu mtaa wa Kasubi anafukia baruti bustanini."

Jamani, kopo lenyewe! Mfuniko una rangi nyekundu aliyoipaka mke wangu. Juzi tulimpelekea jirani yetu Odongo karanga ndani yake.

Na udongo umejaa maganda ya kahawa. Mtaani kwetu Kasubi ni mimi tu ninayeyamwaga bustanini.

Nikadondosha dawa. Ikigeuka buluu, baruti imo, nimekwisha. Wanaochukuliwa siku hizi hawarudi.

Haikugeuka. Askari akaondoka, kopo akaliacha mezani.

Jioni Odongo kaniita uani, anatabasamu: "Ndugu, kopo lenu nitalirudisha kesho."

Nyinyi mngemjibuje?

Mimi nilimwambia, "Usisumbuke. Limeshafika."