Jenereta ya Daktari wa Ng'ombe

Daktari wa mifugo aliapa kwamba foleni ya petroli haimpati tena, akauza pikipiki yake na kununua ya umeme. Kumbe huko milimani kwa wafugaji hakuna hata waya! Leo yuko dukani kwa kaka wa mkewe, anachagua jenereta. Ile ndogo aliinyanyua kwa mkono mmoja, lakini ilipochomekwa chaja ikakohoa na kuzimika. Kubwa ilichaji vizuri, ila ilijaza keria yote, sanduku la dawa likabaki mapajani mwake.

"Maji ukiyavulia nguo, shemeji, huna budi kuyaoga."

Akayaoga, akalipia ile kubwa. Kituo cha mafuta, foleni ileile. Mhudumu akaangua kicheko.

"Daktari! Kumbe umeme nao unakunywa petroli?"

"Jaza, usiniulize."