Yasiin na Kamati ya Masikio

Kabla hujaniuliza niko upande gani, nakujibu mapema: niko upande wa chapati. Nachoma chapati na kuuza chai nyuma ya kilima cha Kasubi, chini ya mlingoti wa kipaza sauti, na watu wananiita Mama Pitshou kwa jina la mwanangu. Nilitoka Bunia, ng'ambo ya mpaka, na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Siasa za hapa si zangu, msikiti si wangu, na kanisa ninamosali liko mbali. Nilidhani hayo yangetosha nikae kwa amani. Hayakutosha, lakini hayo nitayafikia.

Mlingoti wenyewe umesimama juu ya paa la duka la misumari na saruji la Bonny, ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu wa mtaa. Huko juu kuna vipaza vinne vya bati vinavyotazama kila upande. Kipaza cha namna hii Waganda hukiita kizindalo. Mtu akifiwa, akipoteza mbuzi, akitaka watu waje kwenye chanjo au mkutano, huleta habari yake kwenye kibanda cha mbao ubavuni mwa duka, na mtaa mzima husikia, utake usitake. Ndani ya kibanda hicho, miaka yote niliyokaa hapa, ameketi Yasiin Sebit.

Yasiin ni Mnubi kwa baba, wa ukoo wa wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Baba yake naye alikuwa askari. Mama yake ni Mwacholi, alizaliwa akiitwa Ayot, akawa Habibah alipoolewa. Kabla ya kipaza, Yasiin alikuwa akiita abiria kwenye kituo cha teksi cha Nakivubo, katikati ya jiji, na huko ndiko alikojifunza kusikika bila kupiga kelele. Sauti yake si nzuri. Ni sauti inayofika tu. Husoma kwa Kiganda, kisha Kiswahili, kisha Kiacholi, na hufuata utaratibu mmoja ambao hajawahi kuuvunja: aliyeleta kwanza husomwa kwanza. Awe waziri, awe mbuzi.

Sasa hebu niambie, mtu kama huyo anamsaliti nani?

Wote, kumbe! Kampeni zilipoanza, watu wa upinzani walileta tangazo lao asubuhi, watu wa serikali wakaleta la kwao mchana. Yasiin akasoma hivyo hivyo. Chai haijachemka, Bonny huyo hapa, jasho linamtiririka.

"Wewe Yasiin, iko na nani? Unakaa chini ya paa yangu, unaita watu ya upinzani kwanza?"

"Mwenyekiti, wao walileta kwanza."

"Kwanza, kwanza! Kwani serikali ni ya pili?"

Kesho yake akaja Babra. Babra ana saluni ng'ambo ya njia, ndiye mhamasishaji wa upinzani, na Jumapili huimba kwaya kwa walokole. Mdomo wake hauna likizo. "Yasiin, sisi tunakujua. Baba yako alikuwa jeshi. Unasoma mkutano yetu kwa Kiswahili ndiyo askari wasikie vizuri. Wewe ni jasusi, banange!"

Kiswahili hicho hicho ndicho alichotumia kumtukania. Nikageuza chapati.

Ramadhani ikaingia. Yasiin akasoma tangazo la mkesha wa maombi wa kanisa la Babra, kisha tangazo la futari ya msikitini, kwa sababu ndivyo yalivyoletwa. Sadik, katibu wa msikiti, akaja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya kibanda. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wateja wangu wote. "Lakini sishangai. Mama yake alikuwa Ayot." Jioni ile ile Babra akalalamika kwamba Yasiin amelitamka jina la Yesu haraka haraka, kana kwamba linamuunguza ulimi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Na nyumbani je? Huko ndiko kulikokuwa na moto wenyewe. Mama wa mke wake wa kwanza alifariki, watoto wa marehemu wakaleta tangazo, Yasiin akalisoma. Husnah, mke wake wa sasa, akanijia na kikombe mkononi, macho mekundu.

"Umemsikia? Alipotaja jina la ile mama, akanyamaza. Kabla ya kusema saa ya mazishi, akanyamaza tena. Alikuwa anameza machozi, Mama Pitshou. Moyo wake bado iko kule."

"Labda alikuwa anavuta pumzi."

"Mtu anavuta pumzi mara mbili?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi mwenyewe huvuta pumzi kutwa kucha, lakini mwanamke mwenye wivu haambiwi. Yasiin alilala kwa mama yake wiki hiyo.

Huyo mama ndiye aliyekuwa akinipa raha katika mtaa huu. Kila alasiri Mama Habibah alikuja kunywa chai ya tangawizi, amejifunga leso, anacheka meno matatu. Alinihadithia harusi yake. Ndugu zake wa Kiacholi walisema amemuuza Mungu kwa ajili ya mwanamume, hawakuja. Ndugu za mume walisema huyu ni wa kanisani, anakuja kutuchunguza, nao hawakuja. Sufuria za pilau zilikaa mpaka zikachacha. Alicheka alipolisimulia hilo, lakini siku moja Yasiin alipotoka kibandani kuja kunywa chai, alimshika mkono na hakucheka.

"Yasiin, mimi nikikufa, uite watu. Harusi yangu hakuna mtu ilikuja. Kaburi yangu nataka watu. Na usinisome kama mbuzi."

"Mama, nitakuita mpaka Nakivubo wasikie."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mama."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Basi Ramadhani ikaisha, lawama zikazidi, Bonny akaitisha mkutano. Watu walisema sana. Kila mmoja alikuwa na ushahidi kwamba Yasiin ni wa mwenzake. Hakuna aliyeona kwamba mtu hawezi kuwa wa wote hao kwa wakati mmoja. Mwisho wakaunda kamati: Bonny, Sadik na Babra. Tangazo lolote, hata la kuku, lazima wote watatu walisikie na kulikubali kabla halijapanda mlingotini. Akilisoma bila wao, anapoteza kipaza. Mimi niliiita Kamati ya Masikio, na jina likashika. Bonny, ili kukata maneno kabisa, akalifunga na lile kundi la mtaa la kwenye simu, ikawa yeye peke yake ndiye anayeweza kuandika humo.

Nilimuuliza Yasiin kwa nini amekubali upuuzi huu. Akasema, "Wakisikia wenyewe kabla, watachoka kunishuku."

Hawakuchoka. Wiki hizo mbuzi walipotea wakaliwa kabla hawajatangazwa. Chanjo ilipita, watu wakasikia nesi keshaondoka.

Kisha Mama Habibah akaugua kifua, wakampeleka hospitali ya Mulago, na asubuhi moja akafariki. Yasiin alimleta nyumbani jua likiwa bado la chini. Wanawake wakaingia kumwosha. Mazishi yakapangwa baada ya swala ya adhuhuri, kama ilivyo desturi yao, maana maiti hasubirishwi. Yasiin akaja kibandani na ufunguo mkononi, akawaita kamati.

Sadik alifika kwanza. Alimpa pole, halafu akasema, "Msome kama Habibah. Hilo la Ayot liache, alishaliacha mwenyewe."

Babra akafika, kilemba kimekaa upande. Naye ni Mwacholi, alimpenda bibi yule na kumwita Mego, yaani mama. "Mego alikuwa na ndugu zake hapa, kule kwa nyumba ya polisi. Wakisikia Habibah watajua ni nani? Soma Ayot! Unamzika bila watu wake?"

"Alikufa Mwislamu!"

"Alizaliwa na mama, si na msikiti!"

Wakaanza. Ndani ya nyumba mtu anaoshwa, nje wanagombania jina lake. Yasiin akawaambia atasoma yote mawili. Sadik akakataa, Babra akakubali, kisha Babra akauliza lipi litatangulia, akakataa na yeye. Yasiin akampigia simu Bonny. Bonny aliongea kwa sauti kubwa hata mimi nikasikia: yuko Nakivubo, magari yamesimama, kipaza kisiguswe mpaka afike. "Leo mgeni mkubwa wa chama anapita. Watu wakijaa njiani nitasema nini? Ningoje!"

Nikaacha moto wangu. Nilikuwa nimefika mwisho. "Yasiin! Fungua ile mulango, usome! Ni mama yako! Unangoja nini? Hawa bantu watakuzalia mama mwingine?"

Akanitazama.

"Mama Pitshou, nikisoma ya mama yangu bila wao, basi yote waliyosema ni kweli. Watasema nilikuwa nafuata utaratibu mpaka lilipofika la kwangu."

Nilitaka kumpiga kwa mwiko. Nilitaka kulia pia. Watu wenye msimamo wanachosha kuliko waongo, Mungu anisamehe. Alikaa kwenye kizingiti, Sadik na Babra wakipigiana kelele juu ya kichwa chake. Mimi nikapita mlango kwa mlango, lakini watu walikuwa wameshakwenda makazini na sokoni, na wachache niliowakuta walisema, "Mbona kipaza hakijasema? Ungekuwa msiba, tungesikia." Husnah alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Bonny hakufika, na adhuhuri ikaadhiniwa.

Umeshaona jeneza la Waislamu likipita? Huwa halikai bega moja kwa muda mrefu. Watu hugombania thawabu, huyu anatoka, yule anaingia, jeneza linakwenda mbio juu ya mikono. La Mama Habibah lilipita mbele ya jiko langu polepole. Waliolibeba walikuwa Yasiin, majirani wawili wazee, na Pitshou wangu, Mkatoliki, aliyeegesha pikipiki yake na kuingiza bega bila kumwuliza mtu. Sadik alitangulia akionyesha njia, maana mgongo wake ni mbovu. Wa kupokezana hakuna; adhuhuri ya siku ya kazi msikitini hubaki wazee wachache tu. Njia ya makaburini ni ya kupanda. Pitshou aliniambia baadaye kwamba njiani walisimama kupumzisha wazee, na kila waliposimama Yasiin aligeuka nyuma kutazama kama kuna watu wanakuja.

Alasiri Bonny akafika, koti begani. Alimkuta Yasiin ameketi kwenye benchi langu, udongo wa kaburi umemkaukia surualini.

"Pole sana, Yasiin. Sasa nimefika. Nimekubali. Tangaza."

Watu walikuwa wameanza kurudi kutoka kazini, habari imewafikia, wamejaa pale. Ungedhani wamekuja kumfariji. Wapi! Mmoja akasema, "Mtoto gani anazika mama yake kimya kama anaficha mwizi?" Mwingine akasema angefunga duka, kama angeambiwa. Babra akalia kwa sauti: "Mego alitaka watu! Yasiin, umemsaliti mama yako!"

Niliutupa mwiko wangu barabarani. Sijui ulimpata nani na sijali.

Yasiin akainuka. Akaenda kibandani, akafungua, akawasha. Tukasikia ule mkwaruzo wa kipaza, halafu sauti yake, ile ile ya kila siku, kwa Kiganda kwanza, kisha kwa Kiswahili.

"Tangazo. Mama Habibah, aliyezaliwa Ayot, mama yake Yasiin wa kipaza." Akanyamaza. "Amefariki asubuhi ya leo, Mulago." Akanyamaza tena. "Amezikwa leo baada ya adhuhuri. Watu walitakiwa."

Akasoma na kwa Kiacholi. Kisha akaendelea: "Tangazo lingine. Mbuzi jike, mweupe, sikio moja limechanika, amepotea tangu juzi."

Husnah alikuwa amesimama kando yangu, kanga mdomoni. "Amenyamaza pale pale," aliniambia. "Baada ya jina, na kabla ya saa ya mazishi. Ndivyo alivyomsoma na ile mama ya mke wa kwanza." Akakaa chini kwenye vumbi akalia. Niliona ameelewa, na nilikasirika kwamba imebidi mama wa watu afe ndipo aelewe.

Yasiin akazima, akafunga, akaniletea ufunguo. Nikautundika kwenye msumari juu ya birika.

Tangu siku ile kipaza kimekaa kimya, na Kamati ya Masikio inanijia mimi. Sadik anasema ufunguo usimpe Babra. Babra anasema usimpe Bonny. Hakuna hata mmoja anayeomba akakae yeye mle ndani. Jana Bonny alikuja, akainama karibu na sikio langu. "Mama Pitshou, wewe iko na nani hasa?"

Yasiin alikuwa pale kwenye benchi anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia limevimba na mkono haupandi mpaka mdomoni. Sadik aliyekuwa akipita alifungua kinywa amkosoe kwa mkono ule, akaliona bega, akakifunga.

"Ufunguo nitampa aliyebeba jeneza," nilimwambia Bonny.

Akautazama ule msumari kitambo, akanunua chapati moja, akaenda zake.