Pumzi Nne za Garimoshi la Baba

Enzi zetu, Kariakoo yote iliamshwa alfajiri na mlio wa garimoshi kutoka stesheni, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kujikunja ndani ya tumbo la garimoshi na kuzishikilia ribiti, ile misumari minene ya kuungia mabati, huku mwenzake akizigongomea kwa nje. Kelele hizo zilimla masikio kidogo kidogo. Nilipoanza kupata akili, baba hakusikia tena adhana wala jogoo. Mama alimwamsha kwa kumfinya kidole gumba cha mguu, akisema, "Amka baba Saidi, mke mwenzangu wa chuma anakuita." Alijua hasikii. Saidi ni mimi, na maneno yale aliyasema ili nicheke.

Tuliobaki wa rika langu ni wachache, lakini mtakumbuka. Kariakoo ilikuwa ya nyumba za udongo zilizoezekwa makuti na mabati ya madebe yaliyokunjuliwa. Mitaa ilikuwa mchanga mtupu, na mchana uliunguza nyayo mpaka tukawa tunakimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Tulikimbiza ringi za baiskeli kwa kijiti. Tulicheza gololi, tulicheza kibe, na mpira tuliufunga wenyewe kwa matambara na kamba ya mgomba. Asubuhi tulipita kwa mama mmoja wa jirani aliyekaanga vitumbua, tukala vikiwa vya moto huku tunapuliza vidole, kisha tukaenda chuoni kusoma Kurani, na baadaye shuleni na vibao vyetu kwapani. Mtu mzima yeyote aliweza kukutandika, na ukifika nyumbani ukashtaki unaongezwa.

Baba alipotoka karakana alioga, akaswali, akala, kisha akakaa uani kutengeneza magarimoshi mengine, madogo, ya kuwekwa mezani. Hayakuwa ya kuchezea. Ya kuchezea tulitengeneza sisi watoto kwa makopo ya samaki, na yalikufa siku hiyo hiyo. La baba lilichukua miezi. Alikwenda kulipima garimoshi lenyewe kwa uzi, akafunga mafundo, na palipokuwa na futi moja kwenye kubwa, kwenye dogo alipafanya upana wa kidole chake. Boila ilikuwa ya shaba nyekundu. Ribiti zake zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, na alizipanga safu kwa safu kwa koleo huku ameuma ulimi. Chini alitia taa ya spiriti, juu akatia maji, na maji yakichemka garimoshi lilikwenda kweli, kwa mvuke wake lenyewe. Hata leo nikipelekwa hospitali, yule muuguzi akinipaka spiriti kabla ya sindano, mimi sipo tena pale. Nipo uani kwetu, mafuta yanaungua, na mama anaita kutoka jikoni, "Wenye gari, ugali unapoa!"

Wanunuzi wake walikuwa wachache na wagumu: Wazungu wa serikalini waliopenda magarimoshi kuliko watu, na tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na kabati la kioo sebuleni. Mgumu kuliko wote alikuwa Mzungu mmoja mrefu tuliyempa jina la Bwana Kioo, kwa sababu alikuja na kioo cha kukuzia vitu, akapiga magoti uani kwetu na suruali yake nyeupe, akakagua ribiti moja moja. Kisha alifumba macho, akasikiliza. Hapo ndipo mambo yalipokuwa, kwenye kusikiliza.

Garimoshi lisilo na hitilafu, mnakumbuka, lilikuwa na pumzi nne katika kila mzunguko wa gurudumu: chu, chu, chu, chu. Zote nne zilipaswa kuwa sawa kwa nguvu na kwa nafasi. Moja ikichelewa au ikiwa dhaifu, garimoshi linachechemea, na ubavuni kulikuwa na nati ndogo ya kulirekebisha. Baba aliweza kutengeneza kila kitu, ila pumzi hizo hakuweza kuzisikia. Kwa hiyo alinitumia mimi. Alilitega garimoshi juu ya vibao viwili magurudumu yakizunguka hewani, akakunja mkono wa shati, akaninyooshea mkono wake wa kushoto, akaniuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Linasemaje, mwanangu?"

Nami nilifumba macho, nikaweka vidole juu ya mkono wake na kugonga kama ninavyosikia. Pumzi yenye nguvu niliigonga kwa nguvu, dhaifu niliigonga kidogo tu. Yeye alikaza nati, akalegeza, akakaza tena, mpaka vidole vyangu vikapiga sawasawa, na hapo alitabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake. Ule mkono ulikuwa na makovu ya moto na ulinuka shaba. Wenzangu walikuwa na baba zao waliowapeleka sokoni au msikitini. Mimi nilikuwa na mahali pangu juu ya mkono ule, na sikujua kwamba mahali hapo paweza kupotea.

Bwana Kioo alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja, akaagiza garimoshi la mwisho la kuondoka nalo. Baba alilifanya zuri kuliko yote. Siku ya kulijaribu ilikuwa alasiri, na alasiri hiyo hiyo mtaa wetu ulikuwa unacheza mpira na vijana wa Gerezani pale Mnazi Mmoja. Baba alikuwa ameshaninyooshea mkono niliposikia mluzi nyuma ya ua. Alikuwa Mussa, rafiki yangu, amepanda juu ya kinu kibovu.

"Saidi! Saidi we! Wamekuja na mpira wa ngozi!"

Nilimwashiria kwa jicho aondoke.

"Unaogopa nini? Mzee mwenyewe hasikii! Njoo bwana, tuko pungufu!"

Mpira wa ngozi nilikuwa sijawahi kuugusa kwa mguu. Nikagonga vidole vyangu kwenye mkono wa baba, moja, mbili, tatu, nne, sawasawa kabisa, kama mtu anayepiga meza akisubiri chai. Sikuwa nimesikiliza hata pumzi moja.

"Linasemaje?" akauliza tena, maana safari hii nilimaliza upesi.

Nikamwinulia kidole gumba, nikachomoka.

Tulifungwa. Mpira wenyewe niliugusa mara moja, ukanipiga tumboni.

Garimoshi lilipelekwa Uzunguni kesho yake, na baada ya siku chache Bwana Kioo akalirudisha mwenyewe, amelipakata mapajani kwenye rikisho la kukokotwa na mtu, kama mtoto mgonjwa. Aliliweka barazani kwetu mbele ya watu, akaliwasha, akainua kidole.

"Fundi, hii gari namna ya kilema," akasema kwa Kiswahili chake. "Mguu moja mbovu. Iko nakwenda, iko nakwenda, iko nasimama kidogo."

Baba aliona mdomo unacheza tu. Akanigeukia, kama alivyonigeukia siku zote mtu akisema naye, ili nimwambie yaliyosemwa. Nilitamani nami niwe kiziwi, na bubu juu yake. Nikasita. Alikunja mkono wa shati, akaninyooshea.

Nikagonga. Chu, chu, chu, halafu ile ya nne, dhaifu, imechelewa. Chu, chu, chu, na ile tena. Machozi yalikuwa yananidondoka juu ya mkono wake. Baba aliviangalia vidole vyangu muda mrefu. Kisha aliuondoa mkono, polepole, bila hasira. Akachukua bisibisi na spana yake ndogo, akachutama mbele ya garimoshi, na mkono ule ule akamnyooshea Bwana Kioo.

Yule Mzungu hakuelewa mara moja. Baba akamwonyesha kwa kujigonga mwenyewe: hivi, hivi. Bwana Kioo akavua kofia, akafumba macho, akaweka vidole vyake virefu vyekundu juu ya mkono wa baba yangu, akagonga. Baba akalegeza nati, akakaza. Nami nikasimama pembeni, barazani kwetu, watu wakitazama, sina kazi.

Nilisubiri fimbo. Enzi zile fimbo ilikuwa jambo jepesi: unachapwa, unalia, unaitwa kula, mmeyamaliza. Baba hakunichapa. Wala hakunisemea kwa mama. Jioni ile aliniwekea mnofu wa samaki kwenye sahani kama kawaida. Ila garimoshi lililofuata, alipolitega juu ya vibao viwili, hakuniita. Nilijisogeza karibu, nikajifanya naokota misumari. Aliligusa kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa, akalizima. Ikawa hivyo siku nyingi. Magarimoshi yakapungua, na mama akaacha kutania.

Halafu siku moja tukasikia anapiga kelele uani. Tulitoka mbio tukidhani ameungua. Tulimkuta ameinama juu ya garimoshi linalotembea, bisibisi imo mdomoni, mpini ameuuma kwa meno, ncha imegusa chuma. Alikuwa ameishikilia hivyo ili mikono iwe huru kutafuta nati, na sauti ikampanda kupitia meno mpaka kichwani. "Nasikia!" alisema, macho yamejaa maji. "Mama Saidi, nasikia! Nne!"

Mama alicheka na kulia. "Basi hiyo bisibisi uniwekee na mimi shingoni," alisema, "usikie miaka yote hii nilikuwa nakwambia nini." Majirani wakaja kutazama. Nami nilifurahi, ningekuwa mtoto wa namna gani nisifurahi, lakini vidole vyangu nikavificha nyuma ya mgongo. Alichonga kijiti cha mpingo kwa ajili ya kazi hiyo, akakitia mfukoni. Kuanzia hapo hakuhitaji mkono wa mtu.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Tabora, alinisindikiza stesheni. Watoto wengine waliagwa dirishani na baba zao. Wangu alikwenda kwanza mbele kabisa, akamwomba dereva ruhusa kwa ishara, akauma kijiti, akakiegemeza kwenye chuma. Abiria walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama upande mwingine kama simjui. Garimoshi lilipoanza kuondoka alikuja akitembea sambamba na dirisha langu, akaninyooshea vidole vinne. "Linapumua vizuri," alisema. "Utafika." Hakuniuliza linasemaje. Aliniambia yeye. Nilijiambia kwamba nitamwomba radhi likizo, kisha likizo ijayo, kisha nikaona ni jambo la kitoto, labda ameshalisahau. Alifariki sijalisema. Mussa alimpigia mluzi mtoto mwenzake, hana kosa. Aliyegonga uongo ni mimi.

Magarimoshi yake yote yako mbali, kwenye makabati ya watu nisiowajua. Mimi sina hata gurudumu. Nilichorithi ni kijiti cha mpingo chenye alama za meno yake. Sasa masikio yangu nayo yamekwenda, kwa uzee tu, si kwa kazi ya maana kama yake; namsikia anayesema karibu kwa nguvu, lakini cha mbali hakinifikii. Nimejaribu kukiuma kijiti na kukigusisha ukutani, lakini meno niliyonayo ni ya bandia, hayapitishi kitu. Imenibidi nitegemee watu.

Na watu wenyewe ndio hawa. Hamisi, mjukuu wangu ninayeishi naye, anavaa nyaya masikioni kutwa nzima, anatikisa kichwa kama mjusi wa ukutani. Sisi tulikimbiza ringi mpaka sokoni na kurudi. Hawa wakitumwa dukani kwa Mangi hapo pembeni wanauliza kama kuna mtu mwingine wa kutumwa. Shikamoo yake ni nzuri, sikatai, ila anaitoa akiwa ameshanipita. Zamani nyumba yetu ilikuwa na pazia tu, mgeni alikuwa ameshakaa barazani kabla hujamsikia. Leo tuna geti la chuma, na mgeni asiyesikika hurudi alikotoka.

Juzi nilikuwa na hisia kwamba mtu anabisha. Nikamwuliza, "Hamisi, kuna mtu anapiga hodi?"

Aliniinulia kidole gumba. "Hamna mtu, babu. Poa tu."

Jana mama anayeuza maandazi nje aliniambia kwamba juzi mzee mmoja wa Kigamboni mwenye mkongojo aligonga geti weee, akapiga hata mluzi, mwisho akakaa kidogo kwenye ndoo ya huyo mama, kisha akaondoka kuwahi pantoni ya Magogoni. Alikuwa Mussa. Katika wote tuliocheza siku ile Mnazi Mmoja, nimebaki naye peke yake, na miguu yake si ya kuja mara mbili.

Kile kidole gumba cha Hamisi nilikijua. Ningeweza kunyamaza, nikahamishia kiti changu getini, nisimwulize tena neno, na yeye angefurahi kuachwa. Najua inavyokuwa ukiachwa hivyo. Kwa hiyo leo alasiri nimemwita akae karibu yangu. Nimemwambia habari ya Mussa na pantoni, bila ukali. Baada ya muda nimemwuliza tena, "Hamisi, sikiliza. Kuna mtu mlangoni?"

Amechomoa zile nyaya. Amesikiliza. Kisha ameinuka, amefungua geti, ametoka mpaka barabarani kwenye mikokoteni, ametazama upande wa kushoto, akatazama na upande wa kulia, akarudi.

"Hakuna mtu, babu," ameniambia.

Na kweli hakukuwa na mtu.